Mama Anaumwa Kidogo

Mtu akiwa ugenini habari ya msiba haambiwi. Hiyo ndiyo desturi yetu, na sijui ni nani aliyeianzisha, ila bila shaka alikuwa mtu mwenye huruma na asiyefikiri sana. Baba yako akifa nawe uko mbali, watakutafuta wakupate, watakaa nawe, watakula nawe, kisha mmoja wao atakohoa na kusema mzee anaumwa kidogo, anakuulizia. Unafunga mzigo wako unaondoka. Njia nzima wenzako wanakutazama kwa pembe ya jicho. Ukifika kwenu ukaona watu wamekaa chini, hapo ndipo unapoelewa, na wale wale waliokudanganya wanakudaka usianguke. Kila mtu wa kwetu bara anaijua desturi hii. Bashiri aliijua kuliko wengi, maana aliwahi kuitumia yeye mwenyewe, na aliitumia barabara.

Nasimulia habari za miaka ile Wajerumani walipokwisha kuifikisha reli Dodoma na kuanza kuisukuma kwenda magharibi. Bashiri, mtu wa milima ya Kondoa, alikuwa na mwaka wa tatu katika kazi hiyo. Alianza kwa kuponda kokoto, akapanda hadi kubeba mataruma ya reli, na mwezi ule msimamizi wake, Mgiriki mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alimwambia kwamba wiki ya tatu, Jumatatu alfajiri, gari la vifaa litaondoka kwenda mbele, kupita Kilimatinde, naye Bashiri atakwenda nalo akiwa nyapara wa watu thelathini. Nyapara, bwana, mtu aliyekuja Dodoma na shuka moja na upele. Ila kule mbele hakuna kurudirudi. Ukienda umekwenda, mpaka reli iione Tabora.

Ndiyo maana aliwatumia salamu rafiki zake wawili, waje Jumamosi wakae naye mpaka Jumatatu, waagane kama watu. Wa kwanza alikuwa Hasani, wa mlima mmoja naye, mtu mfupi mwenye haraka ya maneno. Wa pili alikuwa Yoramu wa Mvumi, mrefu, mpole, ambaye siku hizi alikuwa amebatizwa na kujua kusoma. Hao watatu, kabla gari moshi halijaua kazi ya upagazi, walibeba mizigo pamoja miaka sita. Walikula chungu kimoja, walilala chini ya turubai moja, na ugomvi wao wote ulikuwa wa nani kamaliza mlenda.

Yoramu alifika Jumamosi mchana, miguu yote vumbi. Bashiri alimtazama tumbo akamwambia wamisheni wanamlisha vizuri, lazima kuna fungu la Biblia linalohusu maharage. Yoramu akamjibu kwamba lipo, atamsomea akishajua kunawa uso. Wakacheka kama wapumbavu. Hasani alitokea alasiri, siku tano za kutembea zimemkausha midomo, na Bashiri alimkimbilia akamkumbatia pamoja na fimbo yake.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama?"

"Nzuri."

"Dada yangu Zaitun? Ng'ombe? Majirani?"

"Nzuri, nzuri tu. Nipe maji, ndugu yangu."

Jibu hilo halina maana yoyote, wote tunajua. Hata nyumba ikiwa inawaka moto, habari ni nzuri kwanza. Lakini Bashiri aliona jambo moja likamkaa rohoni. Kila mtu aliyewahi kuja kutoka kwao alikuja na kibuyu cha asali kutoka kwa mama yake, Bi Mwajabu. Hasani alikuja mikono mitupu. Bashiri akajitia hamnazo, akachinja jogoo wake, wakasonga ugali wa uwele, wakala mbele ya kibanda chake huku upepo wa kipupwe unawapiga mgongoni. Walipiga soga za njia za zamani, za yule bwana mkubwa aliyeanguka mtoni na kofia yake, za Yoramu alivyomkimbia kenge akidhani ni mamba. Bashiri alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Hasani akasukuma sahani, akafuta mdomo, akakohoa.

Kikohozi kile ndicho kilichomwua Bi Mwajabu.

"Mama yako anaumwa kidogo," Hasani alisema. "Anakuulizia."

Bashiri alinawa mikono taratibu. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akakaa tena.

"Amezikwa lini?"

"Nani?"

"Hasani, usinifanye mtoto. Mama yangu amezikwa lini?"

"Hajazikwa, Bashiri. Yu hai. Kifua kinambana, hali kitu ila uji, na kila siku anakuita. Kesho asubuhi twende."

"Kifua," alisema Bashiri. "Baba yake Yoramu tulisema nini vile? Tumbo, sivyo?"

"Ilikuwa tumbo," Yoramu alisema polepole.

Na hapa inabidi niwaeleze. Miaka minne nyuma yake, wakiwa Unyaturu na mizigo ya watu, habari ilifika kwamba baba yake Yoramu amefariki. Aliyeileta aliwanong'oneza Bashiri na Hasani, nao wakaifunga ndani. Wakamwambia Yoramu mzee anaumwa tumbo kidogo. Yoramu si mjinga, akashuku, akakataa kuinuka mpaka aambiwe kweli. Ndipo Bashiri alipomshika mkono akala kiapo. Alisema, "Nakuapia kwa uhai wa mama yangu, baba yako yu hai." Yoramu akainuka. Siku nane walimsindikiza, na siku ya nane akakuta kaburi. Hajawahi kuwalaumu kwa neno lolote. Lakini Bashiri tangu siku ile alikuwa na hofu ndogo iliyojificha, kwamba amemweka mama yake rehani kwa uongo, na kwamba iko siku atadaiwa.

"Naapa kwa Mungu," alisema Hasani, "yu hai."

"Usiape. Mimi niliapa vizuri kuliko wewe."

Hasani alisema yote aliyoweza. Alieleza kwamba asali haikuletwa kwa kuwa aliyekuwa akiitafuta na kuichuja sasa amelala. Alieleza dawa anazokunywa, nani anamkogesha, alisema nini Jumatatu iliyopita. Kila alipoongeza neno, Bashiri alitikisa kichwa kwa huzuni na kumwangalia kwa upendo, kwa maana nao walimweleza Yoramu hivyo hivyo, hadi rangi ya dawa. Mwisho Bashiri aligeukia ukutani akalia. Hasani alibaki ameshika tama, akitamani angekimeza kile kikohozi.

Jumapili asubuhi mambo yakaharibika zaidi. Jirani wa kibanda cha pili, mzee mmoja Mgogo jina lake Matonya, alikuja kuomba moto akamkuta Bashiri amekaa chini kwenye mkeka, shuka begani, hasemi. Akauliza. Bashiri akamwambia, "Mama." Basi imetosha. Kabla jua halijapanda kimo cha mtu, kambi nzima ilikuwa pale. Siku hiyo haikuwa ya kazi na watu hawakuwa na la kufanya, wakaja na huzuni zao zote. Walikuja Wanyamwezi, walikuja Wamanyema, walikuja watu wa pwani na watu wa kijiji cha Zuzu. Huyu na konzi ya uwele, yule na donge la chumvi, wanampa mkono mmoja mmoja. Pole, Bashiri. Pole sana. Kazi ya Mungu. Bashiri akizipokea.

"Jamani, mama huyu hajafa," Hasani aliwaambia. "Mimi nimetoka huko. Nimemwacha anakunywa uji."

Watu walimtazama kwa heshima. Mzee Matonya akamshika bega, akawaambia waliokaa karibu kwa sauti ya kusikika, "Mnaona rafiki wa kweli? Mwenzie amekwisha jua, lakini yeye hataki kuvunja desturi."

Hasani akapandisha hasira. Akasema nyinyi wote mna wazimu. Wakasema maskini, uchungu umemzidi. Mswahili mmoja aliyejua kusoma alinyanyua mikono kumwombea marehemu, na wote wakanyanyua, ila Hasani peke yake alikataa. Alikunja mikono kifuani akatazama upande wa milima, machozi ya hasira yanamtoka, na hayo nayo wakayahesabu kuwa ni ya msiba. Nani angemwamini? Ningekuwepo mimi nisingemwamini.

Watu walipopungua, Hasani alichuchumaa mbele ya mkeka.

"Sawa. Tuseme amekufa," alisema. "Hutaki hata kwenda kuliona kaburi?"

"Kaburi halikimbii," Bashiri alijibu. "Nitakwenda mbele na kazi. Nitamsomea hitima Tabora. Reli ikikwisha nitakuja."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekata shauri. Kila mavuno alituma salamu kwamba mwaka huu atakuja, na kila mavuno aliingia kipande kingine cha kazi. Mavuno matatu. Alijiona akiingia ule ua, wanawake wamenyamaza, dada yake Zaitun anamtazama tu bila kumwambia neno. Hakuwa na nguvu ya kulikabili jicho hilo. Aliogopa, basi. Gari la vifaa litamchukua alfajiri kwenda mbali na jicho lile, na hilo ndilo alilolitaka. Hasani aliliona, na alijua kwamba likimchukua, yule mama anayehesabu siku kule mlimani atazihesabu bure. Akasimama, akatafuta ukuta wa kuegemea.

Yoramu ndiye aliyesema, "Bashiri, inuka tutembee."

Walitembea juu ya tuta la reli mpya kuelekea Zuzu, wakiruka taruma moja moja. Yoramu alikuwa hajasema lolote la maana tangu jana. Alikwenda mpaka vibanda vya kambi vikabaki nyuma. Kisha akakaa juu ya reli, Bashiri naye akakaa.

"Mimi sijui kama mama yako yu hai," Yoramu alianza. "Hasani akidanganya namjua, anadanganya vizuri. Sikuja kukuapia."

"Afadhali."

"Lakini nilidanganywa mimi, si wewe. Wewe unajua kudanganya tu. Nataka nikwambie ilivyo upande ule mwingine."

Bashiri aliinamisha kichwa. Alijua siku hii ingekuja.

"Kwanza nilikasirika sana," Yoramu aliendelea. "Nilipoliona kaburi nilitaka kukupiga jiwe. Baadaye nikakaa nikafikiri. Siku nane zile nilitembea na baba yangu hai. Unanielewa? Nilimwandalia maneno. Mimi na mzee tuligombana juu ya ndama, nikaondoka bila kuaga, hilo hukulijua. Njiani nilimwomba radhi kila siku, na kila siku nilimsikia ananijibu, mara ananitukana, mara anacheka. Nilipofika nilimkuta ndani ya udongo, lakini ugomvi ulikuwa umekwisha. Kama mngeniambia kweli kule Unyaturu, nisingekwenda. Ningebeba mzigo wangu nikaenda mbele, kama wewe unavyotaka kwenda kesho. Na ugomvi ningekuwa nao mpaka leo."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la kokoto, kama zile alizozivunja mwenyewe mwaka wa kwanza.

"Mlinipa siku nane," alisema Yoramu. "Hasani anakupa tano. Akiwa yu hai, utamwona. Akiwa amekufa, utakuwa umetembea naye siku tano. Ila ukipanda lile gari, hutatembea naye hata moja."

"Na kile kiapo changu? Niliapa uongo kwa uhai wa mama yangu, Yoramu."

"Uliniapia mimi. Mimi nimekwisha kukusamehe zamani, nilidhani unajua."

Hapo Bashiri alijifunika uso kwa shuka, na Yoramu akatazama pembeni kumpa nafasi. Waliporudi kambini walimkuta Hasani amelala usingizi wa kuchoka, kinywa wazi. Bashiri alimpita akaenda moja kwa moja kwa msimamizi kumwomba ruhusa.

Yule Mgiriki alikuwa anakunywa kahawa yake. Alikwisha kusikia ombi hilo mara nyingi mno, kwani katika kambi ile mama za watu walikuwa wanakufa kila mwisho wa mwezi.

"Mama amekufa?" aliuliza kwa kuchoka.

"Sijui, bwana."

"Mgonjwa?"

"Sijui, bwana. Nakwenda kuangalia."

Mgiriki aliweka kikombe chini akamtazama vizuri. Labda hilo hakuwahi kulisikia. Alimpa ruhusa, ila alimwambia wazi kwamba watu thelathini hawawezi kukaa bila nyapara, na kwamba unyapara atampa Petro, mmoja wa wabeba mataruma wenzake. Bashiri alisema ndiyo, bwana. Kulimuuma, nisiwafiche. Usiku ule aliota yuko Kilimatinde akiwapigia watu filimbi.

Jumatatu alfajiri gari la vifaa lililia, likaenda magharibi na Petro juu yake. Wao watatu walishika njia ya kaskazini. Yoramu naye alikwenda, ingawa kwao ni upande mwingine kabisa na shamba lake lilikuwa linamngoja. Walipomwambia arudi alisema kwamba siku nane zile hawakumwacha peke yake, basi na yeye haachi mtu. Wapagazi watatu wa zamani, mara hii bila mzigo kichwani, na mwendo ukawashinda siku ya kwanza, wakacheka wenyewe.

Siku ya pili Bashiri alimwuliza Hasani, kama kwa utani, huyo mama anayeumwa bado anavuta ugoro? Hasani, aliyekwisha kuchoka kuapa, alijibu kwa mkato kwamba anavuta, na ndiyo maana anakohoa. Siku ya tatu Bashiri alianza kuongea peke yake. Alikuwa anamweleza mama yake kwa nini hakuja mavuno ya kwanza, akashindwa, akaanza upya. Siku ya nne alitembea mbele yao, kichwa kimeinama, na Yoramu alimfinya Hasani wasimsemeshe. Hakuamini bado. Alikuwa anatembea na marehemu wake, na mazungumzo yalikuwa mazuri.

Siku ya tano alasiri walipanda kilima cha kwao. Kutoka chini Bashiri aliuona ua, na ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake, tena wengi, wamekaa chini.

Hasani alimdaka mkono akamwambia, tazama vizuri, wale majirani wamekuja kumpuria uwele kwa sababu hawezi mwenyewe, huoni vijiti? Bashiri hakusikia neno. Aliweka mikono kichwani akatoa sauti, akaupanda mlima analia kama mwanamume aliyefiwa anavyolia anapoingia kwao, mama yangu, umeniacha na nani, mama yangu, sikukuwahi. Wanawake waliacha kupura. Zaitun alisimama na kijiti chake mkononi, mdomo wazi. Watoto wawili wakaanza kulia kwa kufuata mkumbo.

Kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti nyembamba, imekatwa katikati na kikohozi, sauti ya mtu aliyekerwa.

"Nani huyo? Amekufa nani?"

Bashiri alinyamaza ghafla, mikono bado iko kichwani. Hasani alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akavua viatu vyake vya ngozi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Yoramu alimsukuma Bashiri mgongoni, taratibu, kuelekea mlangoni.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya dawa. Bi Mwajabu alikuwa kitandani juu ya ngozi ya ng'ombe, na kwanza Bashiri hakumwona, alidhani ni nguo zimekunjwa. Mashavu yalikuwa yamekwisha, shingo imebaki mishipa. Ndipo alipofahamu kwamba katika maneno yote aliyoyasema Hasani, uongo ulikuwa neno moja tu, lile la "kidogo".

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinyoosha mkono akampapasa usoni, kidevu, sikio. "Ni wewe uliyekuwa unanipigia kelele?"

"Ni mimi."

"Si nilimtuma Hasani akwambie naumwa? Hakukwambia?"

"Aliniambia, mama."

"Sasa unalilia nini?"

Hakuwa na jinsi ya kumwambia kwamba Jumapili nzima alikaa mkekani akipokea pole zake. Alikaa chini, akaushika ule mkono. Ulikuwa wa moto, mwepesi, na vidole vikamfinya. Alifungua kinywa kuanza yale maneno aliyoyapanga njia nzima, ya mavuno ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, yakamtoka ovyo, hayana mbele wala nyuma, na mama yake akawa anaitikia kila anapotua, "Ehe. Endelea, nakusikia."